Mabua Yalale Kabla ya Jua

Nikatalieni. Nawaambia mapema, wadogo zangu, nikatalieni kama mnaweza, semeni Harm anaongopa kama kawaida yake, lakini mkimaliza kunikatalia tokeni nje mkaliangalie shamba la mashariki, nusu yake mabua ya mahindi yamelala chini vipande vipande kama tambi, halafu mrudi mniambie ni malaika gani aliyeyakata.

Tjark, kaa. Geske, acha kulia, machozi yako yanadondokea mguu ambao hauhisi kitu tena, unapoteza maji bure. Mama, baki hapo hapo kwenye kiti chako, kama hutaki kuniangalia usiniangalie, masikio hayana kifuniko. Mimi Harm Eilts, mtoto wa kwanza wa marehemu Eilt, mkubwa wenu tangu siku tuliyomzika baba, natoa wosia wangu asubuhi hii nikiwa na akili zangu zote, chache kama zilivyo. Shule niliiacha mapema, na siku ile mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani ahakikishe kweli nimekwenda. Kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabuni.

Wazee wakitoa wosia huchukua siku nzima, wanakohoa, wanaanza upya. Mimi sina nafasi hiyo, na si kwa sababu ya mguu. Kumeganda, jamani. Mmesikia? Wiki nzima tumekuwa tukichapa tope kama bata, na leo ardhi iko ngumu kama meza, nimeisikia miguu ya ng'ombe ikigonga uani. Jua likipanda juu ya paa la kanisa udongo utalainika, mabua yatageuka kamba, na asubuhi imekwenda. Nisikilizeni huku mkifunga viatu. Tjark, sitanii, funga viatu.

Kilicho mbele yenu mnakijua. Tarehe mosi Machi mwenye shamba atakuja kutoka mjini na gari lake la farasi, kama ajavyo kila mwaka siku ya mikataba, asimame pale kona, aangalie. Akikuta shamba liko tayari kwa plau na shayiri, mtakaa mwaka mwingine. Akikuta mabua yamesimama, atampa mpangaji mwingine, alishaniambia, na aliniambia akitabasamu, nanyi mtapakia vitanda kwenye mkokoteni na kuondoka kwenye ardhi ambayo baba aliikuta kinamasi, vyura watupu, akaikausha kwa koleo mpaka mgongo ukapinda. Nusu imelala, nusu imesimama. Hilo ndilo la kuzungumza, mengine yote ni mapambo.

Lakini mapambo nayo yana haki yake. Ndama mwekundu ni wa Geske, na asiuzwe hata mtu aje na maneno matamu kiasi gani. Kisu cha baba chenye mpini wa pembe ni cha Tjark. Buti langu la kulia ni la Tjark pia, la kushoto mashine imeshalirithi. Usicheke, Geske, utamfanya mama acheke, halafu wosia utaharibika. Fundi chuma aliyeninolea visu nilimwahidi kumchimbia mfereji nyuma ya kibanda chake majira ya kuchipua. Utachimba wewe, Tjark, na usichimbe kivivu kama unavyochimba nyumbani, yule mzee anapima kwa kamba.

Sasa mashine. Jana mama alisema, mlidhani nimelala, alisema nikishazikwa chuma kile kitupwe mferejini kizame na visu vyake. Hapo mimi na wewe tunagombana, mama, na leo huwezi kunipiga kwa mwiko.

Baba alikuwa na kile kipande cha reli ya treni, mnakikumbuka, farasi mmoja kila mwisho, tunakikokota juu ya mabua yaliyoganda, yanakatika chini kabisa kwenye shina, pa, pa, pa, halafu sisi watoto nyuma na reki, tunakusanya, tunachoma, vidole vimepasuka na moshi umetujaa puani. Kazi nzuri kwa shamba la enzi zile. Sasa kinamasi kimekauka mpaka kule kwenye mierebi, na kwa reli mngekuwa mnareki mpaka Pasaka. Mashine haireki. Pipa lake la visu linabingirika, linakata bua hapo hapo lilipo, vipande vifupi hivi, plau inavifukia, kwisha. Na mashine katika eneo hili lote ilikuwa moja, na ilikuwa kwa nani? Kwa Okko Reemts.

Najua, mama. Jina hilo halitajwi humu ndani. Okko alichimba mfereji wake ukamwaga maji kwenye mahindi ya baba, baba akauziba, Okko akauzibua, na tangu hapo sisi na wao tunakaa kanisani mmoja kulia mmoja kushoto, kila mtu anaimba kwa nguvu ili asimsikie mwenzake. Baba alikufa hajamsalimia. Mimi nilivaa koti safi nikaenda kubisha.

Okko akafungua, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbwa asiye wake. "Wewe mtoto wa Eilt, umekuja kuomba radhi au kutafuta ugomvi?"

Nikamwambia, "Mzee Okko, nimekuja kunywa chai."

Hapo nilimkamata. Mnajua sisi watu wa Frisia tulivyo, tunaweza kumzibia mtu mfereji lakini chai hatumnyimi. Akanikaribisha. Foelke, binti yake, akaweka sukari ya mawe kwenye kikombe, akamimina, sukari ikalia, akatiririsha malai pembeni bila kukoroga, kama inavyotakiwa. Na mgeni asipolaza kijiko ndani ya kikombe, mwenye nyumba lazima amimine tena, si ndiyo? Basi mimi kijiko changu nilikiacha kwenye kisosi, kimelala kama mfalme, nikaanza kuzungumza.

Nikamwambia nataka mashine yake. Akasema ni takataka, imezama kwenye tope mpaka ekseli, aliivuta kwa ng'ombe na aibu. Nikamwambia, "Mzee, wewe uliipeleka shambani saa ambayo watu wazima wanakwenda shambani. Mimi nitaipeleka saa ambayo hata jogoo amejifunika, ardhi ikiwa imeganda, magurudumu yakienda kama kwenye sakafu, na mabua yakiwa makavu ya kuvunjika kwa kuangaliwa tu."

Akasema, "Farasi watateleza, mjinga wewe."

Nikasema, "Tutawapiga viatu vya meno."

Foelke akamimina. Okko akasema hapana. Foelke akamimina. Okko akazungumzia mfereji, akazungumzia baba, akazungumzia babu yake na babu yetu kule Frisia, kwenye nchi ya zamani kabla watu wetu hawajavuka bahari, wote wezi wa maji kwa maelezo yake, na mimi nikasema ndiyo mzee, kweli mzee, nikanywa. Birika likaisha, likajazwa, likaisha. Tumbo langu lilikuwa ngoma. Nilikuwa nimekaa kama mtu aliyekalia mayai, jasho linanitoka, na kile kijiko sikukigusa. Mwishoni Okko akachungulia kwenye kopo la majani, akaona bati, akasema, "Chukua chuma chako uende zako, kabla hujaninyang'anya na nyumba." Nikalaza kijiko. Nikatoka kwa heshima mpaka nyuma ya ghala, na kilichotokea nyuma ya ghala hakimhusu mrithi yeyote.

Geske, nipe maji. Kidogo. Asante, mtoto mzuri.

Sasa asubuhi ile ya kwanza. Hamkuiona, nyote mlikuwa mmelala, na Tjark na mashavu yake ya matubwitubwi alikuwa anafanana na boga, kwa hiyo lazima niwape. Giza bado, ukungu umelala chini, farasi wetu wawili wanatoa moshi puani kama treni. Mguso wa kwanza, visu vikaingia kwenye mstari, na sauti ile, sauti ile, wadogo zangu, kama jeshi zima linavunja viti. Bua lililokusimamia usoni tangu mavuno, limekushinda, limekudharau, linaanguka vipande kabla hujamaliza kulitukana. Tulikwenda mpaka kwenye mierebi tukageuka, tukarudi, tukageuka. Barafu ilikuwa inaruka hewani kama unga. Sungura alitoka akakimbia mbele yetu, akachoka, akakaa pembeni akatuangalia, na hilo nalo nikatalieni. Jua lilipochomoza watu walikuwa wamesimama kwenye uzio, wamekumbatia makoti yao, midomo wazi, na Okko mwenyewe alikuwepo, upande wake wa mfereji, kofia mkononi. Hakuna aliyeona kitu kama kile. Mtu mmoja alisema kwenye mashine ameona watu wawili, nikamwambia ni mimi na kivuli changu kwenye ukungu. Kanisani Jumapili ile wanaume walinishika bega. Mimi. Aliyefukuzwa na mwalimu.

Halafu Jumanne ile, kabla ya wiki hii ya tope. Nilikanyaga chuma chenye jalidi, nikateleza, mguu ukaingia mbele ya pipa. Basi. Hakuna mashine mbaya hapo, hakuna farasi mbaya, ni buti na barafu. Daktari amekuja, ameangalia, amekunywa chai, ameondoka bila kuniangalia machoni. Weusi umepita goti. Najua kusoma kiasi hicho.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri, hapa ndipo kwenye wosia wenyewe. Chuma hakitupwi. Visu vinolewe kila jioni, ekseli ipakwe mafuta ya nguruwe, mengi, msimsikilize mama akilalamika kuhusu mafuta. Sanduku la uzito lile la kuikandamiza mashine lijazwe mawe, mtu asilipande. Asilipande, Tjark. Mabua yakiziba visu, fungueni farasi kwanza ndipo mshuke kuyatoa, hata kama mna haraka, hata kama kuna watu kwenye uzio wanaangalia, hasa kama kuna watu wanaangalia. Jua likifika juu ya paa la kanisa, simamisheni, msiwe na tamaa ya mstari mmoja zaidi, mtazama kwenye tope. Na mfereji wa Okko uacheni utiririke. Mahindi yale yaliyozama yalikwishaoza kabla Geske hajazaliwa, mpaka leo tunayapalilia tu.

Mama asiachwe peke yake jioni. Asipotaka kuzungumza, kaeni tu.

Tjark, njoo, weka kichwa hapa. Mkono wangu hauinuki, uchukue wewe uuweke. Mungu akupe mabega ya baba bila hasira yake. Geske, Mungu akupe mtu anayecheka, na akikosekana mtu, akupe ng'ombe wengi. Ardhi hii iwajue. Mwenye shamba akija, akute... akute nyeusi, tupu, tayari. Nimewabariki. Haya, nendeni. Dirisha linaanza kuwa jeupe.

Subirini. Rudini. Kuna sehemu nimeiruka.

Tjark ataniuliza, nani anaziweza hatamu za wale farasi kwenye barafu. Yeye haziwezi, mnajua haziwezi. Na mimi... na mimi pia siziwezi. Sijawahi kuziweza. Nilijaribu mara moja uani kwa Okko, nikagonga banda la kuku.

Ni Foelke. Asubuhi ile ya kwanza, na zote zilizofuata, aliyekaa kwenye kiti ni Foelke, amevaa koti la baba yake na kofia mpaka kwenye nyusi, na watu walioona wanaume wawili waliona sawasawa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, juu ya sanduku la mawe, napunga kofia. Nikipiga kelele. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Tjark, kuna wazee waliodhani mwendeshaji ni wewe, wakakusifu, na wewe ukasema asante.

Tumeahidiana kuoana, mimi naye. Tangu kabla ya chai. Okko hajui. Wewe hukujua, mama, kwa sababu nilikuogopa, mimi nisiyeogopa kitu.

Na Jumanne nilipoteleza, yule msichana aliwasimamisha farasi papo hapo, kwenye barafu, sijui kwa mkono gani. Wangepiga hatua moja zaidi ningekatika kiunoni. Siku hizi zote nilizolala hapa nikiwasumbua, amenipa yeye. Akanibeba mpaka kwenye uzio. Nikamwambia akimbie. Nikamwambia mama yangu akimwona pale atasema akina Reemts wameniua. Akakimbia, analia, damu yangu imemjaa kwenye koti.

Anasimama pale nje. Pembeni mwa ghala letu. Kila asubuhi, namwona kutoka hapa kitandani, anangoja mtu amwambie kama bado nipo. Amewafunga farasi tayari leo. Aliona kumeganda.

Siwezi kuita. Sauti... imekwisha.

Mama? Mama, unakwenda wapi? Vaa shali, mama. Kule ghalani kuna baridi.