Godoro la Mayai na Kichwa cha Mwanangu

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, mguu mmoja ulishakatika tukauwekea tofali. Mimi nauza kahawa hapo, kwa hiyo benchi ni langu, ingawa Spoki, fundi wa baiskeli, anadai ukuta ni wake. Wa pili ni Wakili, aliyefagia mahakama miaka ishirini akatoka na maneno makubwa yote yaliyodondoka sakafuni. Wa tatu ni mwanangu wa kumzaa, wanamwita Godoro. Anapeleka mayai kwa baiskeli: trei kumi na mbili nyuma, amezizungushia godoro la sponji na kulibana kwa mipira ya tyubu, na kwa miaka kumi na tisa hajavunja hata yai moja. Nalisema hilo shingo nimeinyoosha, maana baiskeli nilimfundisha mimi. Sasa asubuhi hiyo alifika na helmeti nyekundu inaning'inia kwenye usukani, na hata hajakaa, watu wameshaiona.

— Godoro, hilo sufuria la nani? Spoki akauliza.

— Binti yangu kaninunulia.

Mjukuu wangu huyo anafunga watu plasta hospitalini. Anawaona wanavyoletwa. Na siku hiyo baba yake alikuwa anaanza njia mpya, mteremko mrefu wa barabara kuu, kwenye malori, mpaka jiko la hoteli moja iliyotaka mayai yake na si ya mtu mwingine. Binti alimwambia mlangoni: "Baba, jioni namuuliza Bibi kama uliivaa. Bibi hadanganyi."

— Na utaivaa? Spoki akauliza tena.

— Ndiyo maana nimekuja kunywa kahawa, nifikiri.

— Usifikiri, Wakili akasema. Wahenga walishakata shauri. Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba.

— Huyu si kuku, nikamwambia. Anauza mayai, hayatagi.

Spoki akaitwaa helmeti, akaipima mkononi kama anayenunua tikiti maji.

— Mimi naongea kifundi. Baiskeli ni mizani. Ukiongeza uzito juu, chini panabaki pepesi. Unakata kona, unapinduka.

— Mbona nyepesi kuliko birika langu?

— Hapa imetulia, Bibi. Ikishika mwendo inaongezeka.

— Kisheria ndiyo balaa, Wakili akadakia. Dereva wa lori akikuona kichwa wazi anakuonea huruma, anakupisha. Akikuona umevaa, anasema huyu kajiandaa. Na mkifika mbele ya hakimu unaulizwa: ulijuaje kama utagongwa? Umekwisha! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Kisima kimeingiaje hapa?

— Kimeingia kwa pingamizi, Bibi.

Spoki hapendi kushindwa. Akasogea mbele mpaka benchi likalia.

— Na joto je? Ubongo unataka upepo. Namjua mtu alivaa kofia ngumu miezi mitatu, akasahau jina la mama mkwe wake.

— Hilo si joto. Hiyo ni bahati.

— Hizi zimetengenezwa kwa vichwa laini, Wakili akasema, sasa amesimama kabisa. Vichwa vyetu vimebeba ndoo za maji tangu mababu! Mfupa umekomaa, baba kamwachia mwana. Kichwa kama hiki ukikigonga na nyundo, nyundo ndiyo inakwenda kushtaki. Mficha uchi hazai!

— Wewe ndoo ulibeba lini? Mimi nimebeba miaka thelathini, na shingo mpaka leo inalia kama mlango.

Wakacheka. Godoro hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe.

— Kwangu mimi si joto, wala si sheria, akasema. Miaka kumi na tisa sijaanguka. Mtaa wote unajua. Nikipita na hiki kitu kichwani watasema Godoro kaanza kuogopa barabara. Na sina kingine, nina hilo jina tu.

Nisijisafishe. Maneno yale yalinipendeza. Mimi nilipanda baiskeli na gauni langu wakati wanaume wa mtaa ule bado wanazisukuma kwa mkono. Sikuzaa mtu wa kuanguka.

— Mwanangu haanguki, nikasema.

— Mmesikia? Mama mzazi katia sahihi! Spoki akapiga goti lake.

Godoro akasimama, akaitundika helmeti kwenye msumari wa karakana, imngoje hapo hapo. Akaenda kukaza mzigo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, hatumjui, anasukuma baiskeli, gurudumu la mbele limelala. Spoki akachukua pampu, akaanza kumjazia upepo. Yule mama akasimama anamtazama Godoro anavyofanya kazi: analisukuma godoro liingie pembeni, anavuta mpira, anazungusha mara tatu, anapigapiga kwa kiganja, kisha anarudia upande wa pili. Kazi safi. Nami nilikuwa natazama.

— Kaka, umeyafunga vizuri hayo mayai.

— Miaka kumi na tisa, dada. Sijaanguka hata mara moja.

— Hata moja?

— Hata moja.

— Sasa godoro la nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Pampu ikanyamaza. Wakili akarudi kukaa benchini. Godoro akaliangalia lile godoro kama ndiyo kwanza analiona. Halafu wote wakanigeukia mimi. Nikainamisha birika ili nipate la kufanya, likatoa tone moja na hewa.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Godoro akarudi kwenye msumari. Akaivaa. Ikamkaa upande, kama kifuniko cha chungu kingine.

— Rubani! Spoki akaanza.

— Wewe jaza upepo wa watu, nikamwambia. Na wewe, mwanangu, njoo hapa.

Akainama. Nikamkaza mkanda chini ya kidevu, nikauvuta, nikaijaribu helmeti kwa kiganja, pande zote mbili. Kichwa kile kilinichukua siku mbili kukileta duniani, na hakuna anayekiuza kwa trei.

— Unanibana, Mama.

— Mayai yalikulalamikia lini?

Akapanda. Akaushika mteremko mgongo umenyooka, hagusi breki ovyo, malori yanapita na yeye hatikisiki. Watu waligeuka kuitazama ile nyekundu mpaka kona ya chini. Na wamtazame. Ndivyo mtoto wangu anavyoendesha.

Jioni mjukuu wangu akaniuliza. Nikamwambia aliivaa, na kweli aliivaa. Hakuuliza ni nani aliyemshawishi baba yake, nami sikumwambia kuwa ni mayai.