Matroni Kemirembe, Mkunga Tuliyemnyima Leba

Baada ya miaka kumi na minane katika hospitali yetu, Matroni Vestina Kemirembe anastaafu tarehe 30 Juni 1996. Watu wa leba wanasema ndiyo kwanza tunampoteza. Sisi wa kufulia tunasema alipotea zamani, tena tukampigia makofi.

Alikuja mwaka 1978, mkunga kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mkali. Akina mama wa vijiji vya Ndama na Rugera walimpenda hadi wakawapa mabinti zao jina lake. Ukiita Vestina sokoni, vichwa vingi vinageuka. Mdogo wao wote sasa ni msichana wa kutumwa maji. Baada yake, hakuna.

Mwaka 1985 alipelekwa chuo kikuu. Nafasi ya uuguzi ilikosekana, akapewa ya utawala, akaona bora hiyo kuliko kukaa bure. Siku aliyorudi, leba walimwandalia kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha, nami nikampigia pasi aproni yake. Kumbe amewekewa meza ya umatroni ofisini.

Manesi walimwita Bibi Mafaili. Mmoja alimuuliza mbele yangu, "Matroni, hiyo shahada yako inamzalisha nani?" Akajibu, "Inakuletea wewe mtu wa kukupokea zamu. Au unapenda kulala humu?"

Na kweli alimleta. Zamani nesi aliingia asubuhi akatoka kesho yake. Kemirembe alipanga zamu kwa kuangalia msimu; kahawa ikiiva, wenye mashamba wanapishana, hakuna haja ya kudanganya kwamba umefiwa. Tangu hapo mashangazi wa Karagwe wameacha kufa kila Juni.

Lakini kila mwaka aliomba apewe walau siku moja ya leba kwa wiki. Wakubwa walikataa, eti matroni hawezi kufanya kazi chini ya msimamizi wa wodi. Mwaka huu, anaondoka, ndipo wakakubali.

Akaingia. Mama mmoja alikuwa anasukuma, na Anonciata, mkunga wa zamu, akampisha kwa heshima. Kemirembe akanawa, akavaa glavu, akasimama. Kisha akazivua. "Endelea, mwanangu," akasema. "Mikono yangu imekaa mezani mno. Nisije nikamuumiza mtoto wa watu." Akamshika yule mama bega mpaka mtoto akalia.

Alifanya sawa, na bado inauma. Mimi sikusoma, lakini najua mtu mmoja angeweza kuwa matroni na mkunga. Hakuomba makubwa.

Mama Kemirembe, asante kwa zamu zenye utu, kwa glavu ulizotupigania sisi wa kufulia, hata kwa kutugombeza. Nenda nyumbani Rugera ukaishi kwa amani, ule ndizi zako zikiwa bado za moto, na asitokee mtu wa kukuita kikaoni.