Plagini ya Mwalimu Asnath

Mungu anisamehe. Mwalimu Asnath aliponiuliza kama nimeijaribu plagini yake, nilimjibu, "Iko vizuri, mwalimu," na wala sikuwa nimeifungua. Plagini ni kipande cha programu. Yake ameitengeneza ichomekwe kwenye lile jukwaa la masomo la mtandaoni, lile la bure ambalo yeyote anaweza kuliongezea kitu, ili watoto wa nyumba moja watumie simu moja na kila mmoja abaki na majibu yake. Akaituma kwa wakaguzi wa jukwaa. Jana asubuhi alifika kijiweni kwetu, hapa Kasulu njia ya Heru Juu, akakaa bila kuagiza kahawa. Imerudishwa. Wameandika kwamba mtoto wa pili akiingia, majibu ya wa kwanza yanafutika.

— Wivu huo, alisema Dionis. Tunamwita Injinia kwa sababu anafungua redio za watu. Kuzifunga ni habari nyingine.

— Wivu wa nini? Hata hawamjui, alisema Winifrida mwenye birika.

— Wameona imetoka Kasulu. Ingetoka Dar, ingepita.

Kipriani, tunayemwita Waziri, akaweka kikombe chini.

— Hamjui mambo. Hakuna mtu kule, ni mashine inasoma. Na imezoea tambarare. Ikipokea kitu cha milimani inapata kizunguzungu.

— Basi wameiba, akasema Injinia. Mtaiona inauzwa, imepakwa rangi.

— Programu inapakwa rangi?

— Winifrida, wewe mimina kahawa.

— Nafikiri niiache tu, akasema Asnath.

Claudine, fundi cherehani mwenye watoto watatu na simu moja, alikuwa amefika kununua kahawa.

— Ninyi mlipoijaribu, majibu hayakufutika?

Injinia akatazama barabara. Waziri akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Sikuifungua, mwalimu, nikasema. Nilikudanganya.

— Mimi nilisoma jina, akasema Waziri. Jina zuri.

Claudine akatoa simu yake, mwalimu akaiweka plagini humo. Injinia akajibu hesabu, akampa Waziri, naye akajibu zake. Simu iliporudi kwa Injinia, majibu yake hayapo.

— Kumbe, akasema Asnath. Mnapeana simu bila kutoka kwanza kwenye akaunti. Mimi nikijaribu peke yangu huwa natoka. Winifrida, nipe kahawa. Jumamosi narekebisha, naituma tena.

— Ego, ndiyo, akasema Claudine. Nitakuletea wanangu waijaribu.

Nawe unayesoma, kama kwenu simu ni moja, mwombe mwalimu hiyo plagini. Ifungue kweli, na ikikwama, mwambie imekwama.