Mama Vikombe Anakabidhi Ghala la Uyoga

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mhifadhi wa ghala letu la uyoga uliokaushwa kwa utafiti anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Sisi tunamwita Mama Vikombe.

Aliajiriwa kufagia. Mwezi wake wa pili alikuta ukutani, nyuma ya kabati, vikombe vinne vya uyoga wa kahawia, laini kama sikio la mtoto. Msimamizi alimwagiza avisugue. Alipovipulizia kuondoa vumbi, vikatoa mbegu laini zilizofuka kama moshi. Akavibandua kwa kisu, akavitia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Mkuu wa ghala alipoiona bahasha hiyo alitoa amri mbili: fundi bomba aitwe, maana uyoga ule hupenda ukuta uliolowa, na mfagiaji afundishwe kutumia hadubini.

Bahasha zake sasa zimepita elfu sita. Zimo hata za uyoga uotao chini ya ardhi kama viazi vidogo. Siku alipouleta kutoka porini, dereva alisikia harufu, akadhani gesi inavuja, akateremsha watu wote barabarani.

Siku moja daktari alipiga simu. Watu watano wa nyumba moja walikuwa wakitapika, na mmoja wao, bibi yao, hajitambui. Walikuwa wamekula uyoga waliodhani ni ule wa kuliwa, wenye vishimo kama sega la nyuki.

“Uyoga hautambuliwi kwa simu, daktari,” alijibu. “Nileteeni uliobaki, hata maganda.”

Ulipofika aliupasua kwa urefu. Ule wa sega huwa na uwazi ndani toka juu hadi chini. Huu ulikuwa na vyumba vyumba, na kichwa chake kilijikunja kama ubongo. Aliutazama mara mbili, kisha akamtajia daktari jina la uyoga na sumu yake. Matibabu yakabadilishwa saa ileile. Wote watano walipona, bibi akiwa wa mwisho, baada ya siku tisa.

Bibi huyo alikuja ofisini kushukuru, na zawadi yake ilikuwa kikapu cha uyoga. Mama Vikombe alikipokea kwa mikono miwili, akamsindikiza mgeni hadi getini, akarudi na kuukausha wote. Upo rafu ya tatu.

Asante, Mama, kwa subira yako, na kwa ukali wako pia. Mzee wako anasema amekungoja nyumbani vya kutosha. Nenda ukakae naye kwa afya na furaha tele.