Mzee Nanok Ereng, Aliyetutangazia Boma Limehamia Wapi

Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, Mzee Nanok Ereng anastaafu rasmi baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na miwili. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Emanikor, mwendesha redio wa Kakuma, niandike wasifu wake kwa sababu eti mimi ndiye nimjuaye zaidi. Ni kweli namjua. Namjua kama unavyomjua jirani ambaye kila mgeni hupita mlango wako akienda kwake.

Mzee aliajiriwa Lodwar kama mlinzi wa ghala. Siku moja mwendesha redio aliugua malaria, Mzee akaingia chumbani kujibu simu ya upepo, na hakutoka tena. Wakimbizi walipoanza kufika Kakuma mwaka 1992, ndiye aliyeyaongoza kwa redio malori ya chakula kutoka Lodwar. Yakikwama kwenye mchanga wa mto Tarach, aliyesimama juani akiyasukuma pamoja na madereva nilikuwa mimi, lakini wao waliishukuru sauti ya Lodwar. Haya, tuyaache hayo.

Mwaka jana ofisi zetu mbili zilipata simu ya setilaiti, na pamoja nayo intaneti. Mzee akanunua komputa kuukuu kwenye mnada wa shirika, akaiweka nyumbani kwake ndani ya ua wa ofisi, akaruhusiwa kuvuta waya kwa ajili ya Jumamosi alasiri. Ndani yake akatia mchezo wa drafti, ili watu wa Lodwar na wa Kakuma wachezeane kila mmoja akiwa kwake. Komputa ya namna hiyo, inayobeba mchezo na kuwapokea wachezaji, huitwa seva. Naomba ijulikane kwamba wazo hilo nilimtajia mimi kwanza yule fundi aliyetufungia mitambo, tena nikiwa nimempikia chai ya maziwa. Fundi akapanda gari, akafika Lodwar, na wazo likawa la Mzee.

Shida ilikuwa anwani. Kila laini ilipokatika na kurudi, mtandao uliipa seva namba mpya, na bila namba hizo huwezi kuipata. Dut, mchoraji wa mabango katika soko la kambi na mpenzi mkubwa wa drafti, hakulijua hilo. Alidhani ni kama sanduku la posta, ukishapewa ni lako. Jumamosi ya kwanza akazichora namba kwa rangi nyekundu ya mafuta kwenye mlango wa chumba changu cha redio, bila kuniuliza, akaziwekea na vivuli. Wiki iliyofuata wachezaji wakazipiga kwenye komputa ya ofisi, hola! Wakanigeukia mimi, kana kwamba nimeificha seva mfukoni.

Mzee alicheka redioni mpaka akakohoa. Kisha akatuambia kwamba hili si sanduku la posta, ni boma la wafugaji. Malisho yakiisha linahama, na anayehama ndiye anayetuma habari. Sisi Waturkana tukikutana njiani, tunaulizana boma limehamia wapi, na Dut naye alielewa papo hapo, maana kwao Sudan kambi za ng'ombe huhama vilevile. Tangu siku hiyo anaandika kwa chaki. Mlango wangu bado una namba nyekundu zisizompeleka mtu popote.

Basi ikawa kila Jumamosi: "Kakuma, Kakuma, boma limehama. Andikeni." Jamani! Watu ambao wiki nzima hawakunisalimia walikuja na viti vyao. Mimi nina sauti ya kwaya, nasoma habari za usalama na za malori, na hakuna aliyewahi kuniomba nirudie. Mzee akikohoa tu, chumba kizima kinaambiana nyamazeni. Wivu ulinishika, na sioni kwa nini nifiche.

Sitamnyima haki yake, heshima hiyo aliitolea jasho. Seva ilikuwa nyumbani, redio ofisini, na laini ikikatika alivuka ua mbio na kandambili zake. Mara nyingi alifika na moja tu. Tulimsikia akihema kabla hajataja namba, na magoti yake hayajapona.

Alipotangaza kustaafu, tukabaki na swali moja: nani atairithi seva? Kwao Kerio, anakorudi, kuna redio ya misheni tu, simu hakuna. Asipopatikana mtu, drafti imekwisha. Mimi niliitaka, na kila mtu alijua. Nilipangusa meza, nikaomba niongezewe plagi. Novemba, kabla ya likizo yake ya mwisho, Mzee akaja Kakuma kwa lori, komputa mapajani, imefunikwa blanketi. Akanisalimu ejok, akanywa chai yangu, akaisifu meza yangu. Kisha akaibeba komputa hadi ua wa pili, akamkabidhi Nyakuoth, mwalimu wa ushonaji wa kituo cha akina mama, ambaye hutufunga sote drafti bila huruma.

Nilinuna. Mzee akaniambia nikishika vyote viwili nitakimbia kama yeye, niyatazame magoti yake. Nyakuoth akae na seva, akipata namba anipigie kelele kupitia ua, mimi niite redioni. Nikajiona kama mtu aliyealikwa harusini alinde baiskeli za wageni.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Nyakuoth akapiga kelele. Nikashika redio: "Lodwar, Lodwar, boma limehama. Andikeni." Nikasikia viti vikiburutwa huko Lodwar, na mtu akiwaambia wenzake nyamazeni. Kwa ajili yangu! Wakaniomba nirudie. Nikarudia, taratibu, kwa sauti nene.

Ndipo Kerio ikaingia. Mzee naye aliomba nirudie, yeye asiye na komputa wala simu. Nikarudia. Akauliza nani anacheza na nani. Akauliza kama watu ni wengi chumbani kwangu, nikamwambia wamejaa mpaka mlangoni. Akasahau kuachia kitufe, tukawa tunasikia upepo na mbuzi wake. Halafu akasema ninasoma haraka mno, na kwamba zamani namba zilisomwa vizuri. Lodwar wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sauti ile ninaijua. Ulikuwa wivu mtupu.

Mzee Nanok, kwa niaba ya wenzako wote wa Lodwar na Kakuma, asante sana. Tunakuombea mapumziko mema, magoti yapone na mbuzi wazaliane. Jumamosi kaa karibu na redio, nitakurudia namba kila utakapotaka. Na ukisikia moyo unachoma, usiogope, Mzee. Hauui. Mimi nimekaa nao miaka yote hii, na bado nipo.