Vidole Viwili Kushoto

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata picha za eksirei za mgongo wake, uliopinda tangu utotoni. Jirani yake, seremala ambaye hakuulizwa kitu, alikuwa ameshatoa hukumu. "Dada yangu, fanya upasuaji sasa, kabla hujazeeka."

"Kaka, hata mimi nilijua leo nalazwa. Nimewarudishia wateja vitambaa vyao vyote. Daktari kalinganisha picha hizi na za miaka sita nyuma, kasema mgongo haujasogea. Maumivu yakizidi, au miguu ikifa ganzi, ndipo tupasue. Vinginevyo nirudi mwakani." Akacheka. "Sasa kazi ni kuwabembeleza wateja."

"Na mgongo ukisogea kabla ya mwakani?"

"Magauni yangu nakata kwa kipimo kilekile, kushoto naongeza vidole viwili ili pindo likae sawa. Siku pindo likienda upande, nitajua kabla ya daktari."

"Mimi ningepasua," alisema seremala, kwa ujasiri wa mtu ambaye mgongo si wake.

Basi likasimama, fundi akashuka. Seremala akachungulia dirishani, akafumba jicho moja kama anayekagua ubao, akalifuata kwa jicho lile pindo la gauni mpaka likapotea.