Je, Twende Kagunga Jumamosi?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na marehemu Mwalimu Bonaventura wa Buzebazeba.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Jovita alifika barazani kwa Mwalimu na chupa ya chai. Jovita anauza dagaa mwaloni Kibirizi, boti za wavuvi zinakotia nanga. Alifuta ubao, akapanga vikombe. Mwalimu aliandika sentensi ya kwanza ya Kiingereza, wanafunzi wakaijibu kwa pamoja, kisha chai ikamiminwa. Ndivyo ilivyokuwa kila siku.

Jumatano moja, mwezi uliopita, wanafunzi walijibu kama kawaida, lakini Mwalimu aliweka chaki chini. Hakugusa chai. Alitazama ziwa kwa mbali. Ukungu ulikuwa umelifunika, na milima ya Kongo haikuonekana, kana kwamba ng'ambo haijaumbwa bado.

"Leo nimechoka," akasema. "Nendeni tu, wanangu."

Jumamosi yake, Mwalimu Bonaventura alifariki dunia. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu alifundisha shule za msingi miaka thelathini na minne. Alipostaafu, alifungua darasa la bure barazani kwake. Alifundisha jambo moja tu: kuomba na kupendekeza kwa Kiingereza, kwa adabu. Walikuja wenye bajaji, wauza dagaa, wahudumu wa hoteli. Sharti lilikuwa hili: hupati chai mpaka uiombe vizuri.

"Mwalimu," Alphonce wa bajaji alilalamika siku moja, "chai naiona, kikombe ninacho. Hawa Wazungu mpaka waombe ruhusa ya kuomba?"

"Mnyime!" akina mama wakapiga kelele. "Anywe maji ya ziwa!"

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema taratibu, "Alphonce, baba, ukimwomba mtu unampa nafasi ya kukataa. Ukimwamuru, humpi. Mimi nilichelewa kulijua hilo."

Hakuna aliyemuuliza alichelewa vipi.

Na ile sentensi ya kwanza ubaoni haikubadilika kwa miaka sita. "Shall we go to Kagunga on Saturday?" Je, twende Kagunga Jumamosi? Darasa zima liliitikia, "Yes, let's!" Ndiyo, twende! Kisha wakanywa chai, wakaenda kazini. Jumamosi ikaja, ikapita. Hakuna aliyepanda boti kwenda kijiji hicho.

Msibani siku hiyohiyo, Jovita alikuwa akikoroga uji pamoja na Bi Honorata, dada wa marehemu.

"Kaka alikuwa na binti mmoja, Erica," Bi Honorata alisimulia. "Alimpenda mvuvi wa Kagunga. Kaka akamwambia, 'Ukitoka hapa, usirudi.' Mtoto akatoka. Sasa ni miaka sita. Kaka alitamani kumfuata, ila aliogopa kushuka kwenye boti peke yake, akataliwe mbele ya watu."

Mwiko ulisimama mkononi mwa Jovita.

"Kagunga?" akauliza. "Mama, umesema Kagunga?"

Kesho yake, Jumapili, Jovita na Alphonce walipanda boti. Maji yalikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Njia nzima Alphonce hakutania hata mara moja. Walimkuta Erica ufukweni, akianika dagaa. Walipomwambia kuwa baba yake amefariki, aliendelea kutandaza dagaa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Jioni hiyohiyo alirudi nao.

Tulimzika Mwalimu Jumatatu. Kwa niaba ya kipindi hiki, pole Bi Honorata, pole Erica, poleni wanafunzi wa baraza lile. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda yuko mtu nyumbani kwenu anayerudia neno lilelile kila siku, nanyi mmelizoea. Leo msikilizeni tena. Muulizeni.

Baada ya mazishi, Erica alisimama mbele ya ubao. Ulikuwa haujafutwa tangu Jumatano ile.

"Aliandika hivi kila siku," Jovita akamwambia. "Alikuwa anatuomba tumsindikize kwako, dada. Sisi tulidhani ni mfano."

Erica aliisoma sentensi ile polepole. Akaweka kiganja ubaoni, chini ya maandishi, asiyafute.

"Baba," akasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "kila Jumamosi nilishuka ufukweni kungoja boti, nitazame kama umo. Nilitaka kurudi nyumbani tangu wiki ya kwanza."